Somo: Kuchora barabara ya Kisumu ya 1939 bila kuijaza vitu vya juzi

Naandika hili mara moja, ili siku nyingine mtu akiniuliza nimtumie kiungo nikalale. Kila nikiweka hapa picha ya Kisumu ya zamani, maswali ni yale yale: nguo zao umezijuaje, rangi gani hiyo, mbona barabara yangu mimi inapanda badala ya kushuka ziwani. Majibu ndiyo haya. Natumia akriliki, ila wa rangi za mafuta pia mtapata chenu.

Hatua ya 1: Chagua mwaka. Sijasema "enzi za ukoloni". Nimesema mwaka. Reli ilipofika hapa Desemba 1901 mji uliitwa Port Florence na eneo hili lilihesabiwa kuwa Uganda. Lilihamishiwa upande wetu Aprili 1902. Mtu wa siku hizo alilipa kwa rupia, wa 1939 alilipa kwa shilingi. Ukisema "zamani" tu, utawachanganya hao wawili kwenye duka moja.

Mimi hupenda 1939 kwa sababu mnara wa saa umeshasimama. Gavana Brooke-Popham aliuzindua tarehe 19 Agosti 1938. Waliojenga ni wana wa Kassim Lakha, kumkumbuka baba yao aliyefika Afrika Mashariki 1871 na kufariki Kampala 1910. Maandishi yapo pale pale mnarani, nenda ukayasome. Ukiuweka mnara huo kwenye picha unayodai ni ya 1925, wazee wa mji watakucheka na watakuwa na haki.

Ukishachagua mwaka, anza kufukuza vitu. Kwa 1939, magugu maji yatoke ziwani; hayakuonekana humo kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbuta (sangara) atoke kwenye karai la mama samaki, kwa sababu alipandikizwa ziwani miaka ya 1950. Mwekee ngege, samaki wa asili wa ziwa. Jerikeni ya plastiki itoke, liingie debe la mafuta ya taa au nyungu. Kibao cha barabara ya Oginga Odinga kitoke. Jaramogi mwenyewe alikuwa bado hajatimiza miaka thelathini. Lakini ukitaka ndege inayotua majini, weka bila wasiwasi. Imperial Airways walipitia Kisumu tangu 1931, na zile kubwa za safari ya Uingereza hadi Durban zilianza 1937.

Hatua ya 2: Kusanya picha za zamani, hasa za albamu za familia, kwa sababu postikadi zilipigwa kupendeza.

Hatua ya 3: Nenda barabarani mwenyewe Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, uchore kwa penseli.

Hatua ya 4: Paka turubai lote rangi nyepesi ya udongo uliochomwa, liache likauke.

Hatua ya 5: Mistari. Someni hapa polepole. Hatua hii ilinitesa sana, na ndiyo inayoua picha nyingi mnazoniletea niziangalie.

Mji wa Kisumu unateremka kuelekea ziwani. Ukisimama juu ukatazama chini, una nukta mbili za kukutania mistari, si moja. Piga kwanza mstari wa upeo wa macho, yaani urefu wa macho yako mwenyewe. Kingo za mapaa, mihimili ya baraza na vizingiti vya madirisha vimelala sawa, kwa hiyo vinakimbilia nukta iliyo kwenye upeo huo. Barabara haijalala sawa, inashuka. Kingo zake zinakutana kwenye nukta nyingine, chini kidogo ya ile ya kwanza, wima moja nayo. Ukizipeleka zote kwenye nukta moja, barabara inakuwa tambarare, na hata ukiipaka vumbi zuri namna gani haitashuka tena.

Halafu mapaa. Hayateremki kwa mshazari kufuata barabara. Yanashuka ngazi kwa ngazi: duka hili paa lake limelala sawa, la jirani nalo limelala sawa ila chini kwa futi moja au mbili. Angalia sakafu za baraza utaona jambo hilo hilo. Upande mmoja wa duka unapanda kidaraja kimoja, upande wa chini vitatu. Mabati yaliyoinama pamoja na barabara ni ya nyumba inayoanguka.

Watu nao. Kwenye tambarare, watu wazima wa kimo chako vichwa vyao vyote hugusa upeo, wawe karibu au mbali. Kwenye mteremko, kadiri mtu anavyokuwa mbali ndivyo kichwa chake kinavyozama chini ya upeo. Na ziwa, tafadhali: maji hayakai miguuni pa barabara. Ukingo wake wa mbali unapanda hadi karibu na upeo, kwa hiyo baadhi ya mapaa ya chini yatakuwa *chini* ya mstari wa maji. Ukiona inakushangaza, nenda kaangalie.

Onyo: usipige picha kwa simu kisha ukaifuatisha mistari yake. Ukiinua simu juu kidogo kuta zinainamiana, na lenzi pana inavuta kilicho karibu kikawa kikubwa kupita kiasi. Simu ikusaidie kukumbuka, mistari ipige mwenyewe.

Onyo la pili: usianze rangi kabla mistari haijakubali. Hakuna rangi inayoficha mstari mbovu.

Hatua ya 6: Jua. Tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa Agosti jua la mchana linapita kaskazini kidogo ya utosi, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri ni kifupi na kinaangukia kusini. Desemba ni kinyume. Vivuli virefu vya kupendeza mtapata saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, na jioni jua liko upande wa ziwa, linakupiga usoni. Watu wanakuwa weusi wenye ukingo wa mwanga. Mchana, chini ya baraza kuna giza la buluu, lakini lina joto kwa chini kwa sababu vumbi la barabarani linarudisha mwanga juu. Rangi hiyo ya chungwa kwenye dari ya baraza, wengi huisahau.

Hatua ya 7: Watu mwisho, kutoka mbali kuja karibu.

Hatua ya 8: Vibao vya maduka usiviandike vikasomeka vyote. Viwili vinatosha.

Hatua ya 9: Vanishi baada ya kukauka kabisa.

Maswali karibuni.

---

Brashi_Kavu: Mkuu asante sana. Je, naweza kuweka boda boda moja tu pembeni ili picha ichangamke?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Brashi_Kavu: Nimeisoma, ila wanunuzi hawatajua.

Mwandishi: Basi usiandike 1939 chini yake. Ukitaka uchangamfu, baiskeli zilikuwepo.

Nyar_Dunga: Mwalimu shikamoo. Nina picha ya marehemu babu akiwa mbele ya duka. Mabati yote ni meusi na mbingu nyeupe kabisa, hata wingu moja hakuna. Walipaka lami? Na kweli siku hiyo hakukuwa na mawingu?

Mwandishi: Marahaba, na asante kwa swali lenye macho. Filamu nyingi za siku hizo hazikuona rangi nyekundu. Chochote chekundu kilitoka cheusi au karibu. Buluu nazo zilizichoma sana, ndiyo maana mbingu imekuwa karatasi tupu. Kwa hiyo paa hilo huenda lilipakwa nyekundu au lilikuwa na kutu, na mawingu huenda yalikuwepo tele. Fanya hivi: tafuta kwenye picha hiyo hiyo kitu unachojua rangi yake, kwa mfano udongo mwekundu au jani la mgomba, ukilinganishe na paa. Midomo ikiwa imekolea weusi kuliko ilivyo kawaida, hiyo pia ni dalili. Ukiichora vizuri, tuonyeshe.

Nyar_Dunga: Kumbe! Udongo nao ni mweusi. Nitaweka paa jekundu lililochakaa.

Mjukuu_wa_Reli: Mimi nachora injini ya treni ya Garratt ikiingia bandarini 1910, moshi mwingi. Kosa?

Mwandishi: Kosa. Garratt za kwanza zilifika kwenye reli yetu 1926. Sogeza mwaka au badilisha injini. Mwaka 1910 una faida yake lakini: reli ilikuwa haijafika Kampala, ilifika 1931, kwa hiyo mizigo ya Uganda ilipitia hapa ikapakiwa melini. Jaza gati magunia na wapagazi.

Sauti_ya_Kondele: Mbona picha yako imejaa Wahindi? Mji ni wa Wajaluo huu.

Mwandishi: Hesabu tena. Walio kwenye kivuli cha baraza ni wenye maduka, na barabara ya maduka mwaka huo ilikuwa yao kwa sehemu kubwa. Waliobeba, wanaonunua, wanaosukuma mkokoteni juani ndio wengi. Nani yuko kivulini na nani yuko juani nimechora makusudi. Ukiona inakera, picha imefanya kazi.

Sauti_ya_Kondele: Sawa, hapo nimekuelewa.

Fundi_wa_Lanet: Huku Nakuru nikitazama mlima Menengai barabara inapanda. Kanuni ya nukta mbili inageuka?

Mwandishi: Inageuka hivyo hivyo. Nukta ya barabara inakwenda *juu* ya upeo, na vichwa vya walio mbali vinapanda. Menengai inafunga nyuma, kwa hiyo mbingu yako ni ndogo. Usiipe nusu ya turubai. Ukigeuka kutazama Ziwa Nakuru, rudi kwenye kanuni ya Kisumu.

Kalamu_Mbili: Samahani, akriliki yangu inakauka kwenye sahani kabla sijaitumia. Joto la hapa ni balaa.

Mwandishi: Sponji bapa lililoloa ndani ya sinia, juu yake karatasi ya kuokea, rangi juu ya karatasi. Ukimaliza funika.

Nyar_Dunga: Mimi huongeza chupa ya kupuliza maji, ile ya saluni. Na badala ya turubai la dukani nanunua kitambaa cha marekani sokoni Kibuye, nakivuta mwenyewe kwenye fremu. Bei haifanani kabisa.

Kalamu_Mbili: Mimi nilijaribu marekani, kikalegea katikati.

Nyar_Dunga: Ulikifua kwanza? Kina wanga wa kiwandani. Kifue, kikauke, kipige pasi, ndipo ukivute ukianzia katikati ya kila upande kwenda pembeni. Kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya msingi, mbele tu.

Mwandishi: Mbele na kwenye kingo, dada. Kingo zikibaki tupu zinanyonya unyevu, na huku ziwani unyevu haukosekani.