Buti la ngozi la kushonesha: linavyozoeshwa mguu bila kutoka malengelenge

Wadau wa Tanga na kwingineko, toka nianze kuvaa buti la kushonesha kwa fundi naulizwa sana hii habari. Watu wanaliona limenikaa mguuni kama nimemwagiwa na wao wanalitaka, wanaenda Ngamiani wanapimwa wanalipa hela yao, wiki ya pili unakuta buti limetelekezwa nyuma ya mlango mwenyewe kavaa ndala na plasta kisiginoni. Inaniuma kwa kweli, maana buti halina kosa, ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa buti jipya la ngozi nene huvai asubuhi ukatoka nalo mpaka jioni siku ya kwanza.

Mimi kazi yangu shambani, mkonge, upande wa Pongwe. Jani la mkonge lina mwiba pale nchani, ukikuchoma kifundoni usiku hulali, raba haizuii kitu na gambuti kwa joto letu hili mguu unachemka. Ndo nikashonesha la ngozi, shingo ndefu, soli ya kushona na uzi wa nta. Siku ya kulichukua nililijaribu palepale kibandani, mzee fundi msharasi, kile chuma cha kutobolea ngozi, bado mkononi.

"Shikamoo mzee, mbona linanibana?"

"Marahaba mwanangu. Linabana wapi, pembeni au mbele?"

"Pembeni, hapa kidole kidogo."

"Vidole vinagusa mbele?"

"Hapana, vinacheza."

"Basi nenda kavae. Ngozi hupanuka, hairefuki."

Hilo neno la mwisho lishikeni, ndo kila kitu. Buti likikubana kidogo ubavuni litaachia lenyewe, ila vidole vikigonga mbele usijidanganye litarefuka, mrudishie fundi siku hiyohiyo kabla hujalichafua. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi. Na kupimwa nendeni jioni, baada ya alasiri, mguu ukishashinda umesimama kutwa unakuwa umevimba kidogo, ukipimwa asubuhi utaletewa buti la mguu wa asubuhi. Mvae soksi ileile mtakayovalia, mpimwe miguu yote miwili kwa sababu wengi wetu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzie.

Kisigino kikipanda na kushuka kidogo ukitembea, usihofu. Soli mpya ngumu haijajua kukunjika kwa hiyo mguu unanyanyuka soli inabaki nyuma, ikishalainika inakufuata. Ila kikipanda mpaka unaona buti linataka kuvuka, hapo limepwaya na hakuna dawa ya kuzoesha.

Sasa siku tatu nne za mwanzo vaa ndani tu. Saa moja, saa moja na nusu, jioni, kwenye sakafu safi au juu ya jamvi, unazunguka, unachuchumaa, unapanda na kushuka ngazi kama ipo. Ndani kwa sababu mbili, ukigundua kasoro soli bado safi fundi hatakuwa na neno, na likianza kuuma unavua palepale, hauko Mabanda ya Papa na kurudi ni kwa mguu.

Kabla ya kutembea nalo mara ya kwanza kuna kitu kimoja nakipenda sana. Ingiza mguu, funga kamba vizuri, weka penseli juu ya buti kwa upana, pale vidole vinapokunjikia, ibonyeze kwa kidole gumba halafu nyanyua kisigino taratibu buti likunjike chini ya penseli. Mkunjo wa kwanza ndo unaobaki maisha, ngozi haisahau, ukiuacha ujikunje wenyewe unaweza kukaa mshazari ukawa unakukata kidole kila hatua. Kwangu la kushoto nilifanya hivi na la kulia nikasahau, mpaka leo la kushoto lina mstari mmoja umenyooka na la kulia lina mikunjo mitatu imepishana.

Kisigino cha nyuma ndo kinaua watu wengi. Pale ndani fundi huweka ngozi ngumu ili buti lisilale, na ukingo wake wa juu ndo unaochuna. Chukua kijiko kikubwa, kwa mgongo wake sugua huo ukingo kwa ndani, nguvu ya wastani, kama unasawazisha chapati, dakika kumi kila jioni. Utausikia unalegea. Usipige nyundo utavunja umbo lote.

Wiki ya pili toka nje. Sokoni na kurudi, msikitini na kurudi, nusu saa mpaka saa moja halafu unaongeza. Siku mbili mfululizo usilivae. Mguu unatoa jasho na ngozi inalinywa, inahitaji siku nzima kukauka, na hapa kwetu pwani hewa yenyewe imejaa maji, kwa hiyo siku moja vaa siku moja pumzisha, ndani umejaza magazeti. Hilo jasho na joto la mguu ndo fundi wa pili wa buti lako, ndo linalolainisha ule unyayo wa ndani mpaka unachora alama ya mguu wako, kisigino, kidole gumba, vyote unaviona. Wiki ya tatu ya nne unaweza kushinda nalo kazini.

Soksi msizibanie. Nene, zifike juu ya shingo ya buti, na za sufi au mchanganyiko wa sufi ni bora kuliko pamba tupu, najua mtasema sufi Tanga hii, lakini pamba ikilowa jasho inabaki imelowa na ngozi ya mguu iliyolowa ndo inayochunika. Kwenye mitumba zipo ukichambua.

Ukisikia sehemu inawaka moto, simama hapohapo, usiseme ngoja nifike. Vua, bandika plasta ya kitambaa, ule moto ndo lengelenge linaanza. Likishatoka usilitumbue, ngozi ya juu ndo kifuniko chake, upe mguu siku kadhaa. Na ndugu zangu wenye sukari nawaomba sana, nyinyi msizoeshe buti kwa kuvumilia, mguu unaweza kuwa na kidonda na wewe husikii kitu, kila ukivua angalia mpaka katikati ya vidole, buti lolote linalobana mrudishie fundi alitanue kwenye kalibu, lile umbo la mguu analoshonea.

Kamba nazo. Juu ya mguu pakikuuma, pale penye mfupa, ruka tundu moja, usipishanishe kamba hapo, ipitishe wima tu halafu endelea juu. Kisigino kikicheza, pale shingo inapoanza zungusha kamba mara mbili kabla hujapanda, inashika mguu unarudi nyuma.

Sehemu moja ikikataa kuachia kabisa, changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, pakaza kwa ndani hapohapo panapobana tu, vaa na soksi nene utembee mpaka pakauke. Inasaidia. Ila jaribu kwanza pasipoonekana maana rangi nyingine zinatoka.

Sasa la kuloweka. Buti langu la kwanza kabisa jamaa mmoja kazini aliniambia litie kwenye ndoo ya maji usiku, asubuhi vaa, litachukua umbo, nikafanya. Lilipokuja kunishinda nikalianika juu ya bati, jua la Januari. Jioni nimelishusha ni gumu kama ganda la nazi, limejikunja, pua ya soli imefunguka, na penye mkunjo pamepasuka. Ngozi ina mafuta yake ndani, ikilowa chepechepe na ukaikausha kwa jua kali au pembeni ya jiko mafuta yanatoka na maji, nyuzi zake zinasinyaa hazirudi, na gundi inaachia. Hela ya miezi miwili niliyodunduliza iliishia pale. Likilowa mvua ya masika futa, jaza magazeti, badilisha yakilowa, weka kivulini penye upepo, hata siku mbili tatu.

Mafuta ya nazi najua kila jiko yapo. Tone moja kwenye kitambaa halitaua buti, ila mimi siyashauri, yanaifanya ngozi iwe nyeusi, yakizidi inalegea kama kitambaa, na yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo ukipanda nalo Lushoto msimu wa baridi yanagandia humo humo ndani ya ngozi. Tafuta nta ya nyuki, wanaotoka Handeni na asali huwa nayo, iyeyushe na mafuta kidogo, pakaza nyembamba, lakini subiri mwezi upite, ngozi iwe imeshanyooka na mguu. Kiwi baadaye kabisa.

Ukitembea Raskazone likapigwa maji ya chumvi, litaota mstari mweupe. Kitambaa chenye maji na siki kidogo, futa, kausha kivulini. Siki hiyohiyo inafuta na ukungu, na ukungu hapa utauona tu ukiliweka chini ya kitanda au ndani ya mfuko wa nailoni. Liweke juu ya rafu, kamba zimelegezwa, ulimi umevutwa mbele hewa iingie.

Na soli msisubiri iishe mpaka ule uzi ukatike, ukiona tu nyuzi za chini zimeanza kulika peleka kwa fundi abandike nusu soli, buti la juu likiwa limeshazoea mguu huwezi kulinunua tena popote.