Kuitazama nyotamkia inapolikaribia Jua, ukiwa Uganda

Nyotamkia ya mbali, yaani donge la barafu na vumbi linalolizunguka Jua, hung'aa zaidi inapolikaribia Jua, kwa sababu joto hugeuza barafu yake kuwa gesi inayobeba vumbi. Lakini wakati huohuo huzama katika mwanga wa alfajiri au wa jioni. Nyotamkia iitwayo Tsuchinshan–ATLAS, iliyopita karibu na Jua tarehe 27 Septemba 2024, ilionekana kwanza alfajiri, kisha jioni ya Oktoba.

Chagua mahali kwa makini, maana hili ndilo huamua kila kitu. Kwa alfajiri unahitaji upeo wa mashariki ulio wazi, hivyo Mbale haifai sana, kwa kuwa Mlima Elgon huuziba. Kwa jioni, Kasese huzuiwa na Rwenzori upande wa magharibi. Ufuko wa Ziwa Viktoria ni bora, ukungu usipotanda.

Fika saa kumi na moja alfajiri, uyazoeshe macho giza, kisha upekue anga kwa darubini ndogo ya macho mawili. Mkia huelekea upande ulio mbali na Jua. Iweke darubini chini kabla Jua halijachomoza, kwani kulitazama kwayo hupofusha, na watoto wasiachiwe darubini hiyo kamwe.