Darubini ya macho mawili ya kutazamia ndege na wanyama: nimechoka kujibu, someni hapa

Kila nikirudi kutoka matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi nakuta ujumbe ule ule kwenye simu: "Ninunue darubini gani?" Nimejibu hadi vidole vimeota sugu. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Soma namba mbili. Ikiandikwa 8x42, ile 8 ni ukuzaji: swala aliye mita 80 ataonekana kama yuko mita 10. Ile 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa 42 kwa 8 upate 5.25, huo ndio upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Mchana mboni yako ni ndogo, hutaona faida yake. Lakini alfajiri, simba bado hajaenda kulala, 8x25 inakupa milimita 3 tu na unachoona ni kivuli chenye masikio. 10x42 inakuza zaidi, ila inakuza na mtetemeko wa mikono yako, na eneo unaloona linabana. Ndege wa msitu wa Karura hawatulii tawini wakusubiri. Chukua 8. Wenye 10 wana sababu zao, sitaki ugomvi.

2. Beba rula dukani. Plastiki haikatai wino. Mtu anaweza kuandika 30x60 juu ya kitu chochote. Ishike darubini mbali na uso, ielekeze kwenye mwanga (si kwenye jua!), utaona duara jeupe kwenye kioo cha nyuma. Pima upana wake, kisha gawa upana wa lenzi ya mbele kwa hilo. Jibu ndilo ukuzaji wa kweli. Duara likiwa na kingo zilizokatwa kama mraba badala ya kuwa mviringo safi, prizimu zake, vile vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, ni za bei rahisi. Lenzi zinazong'aa nyekundu kama taa ya breki, rudisha.

3. Tazama ukingo wa paa la jengo la mbali, kisha isogeze darubini polepole kutoka usoni. Paa likigawanyika, moja juu moja chini, mirija haijanyooka. Utaumwa kichwa kila safari.

4. Kunja darubini katikati, mirija isogee ilingane na macho yako, mpaka uone duara moja.

5. Pete ya jicho la kulia. Hapa tukae kidogo.

Darubini yangu ya kwanza ya maana niliinunua kwa elfu thelathini, pesa ya kuweka akiba miezi mingi. Nikaenda nayo Mbuga ya Nairobi, na kila nilichotazama kilikuwa na ukungu mwembamba, kama kioo cha matatu asubuhi ya Julai. Nikazungusha gurudumu la katikati mbele, nyuma, wapi. Nikalaani kiwanda. Miezi minane baadaye nikamuuzia mwenzangu wa kazini kwa elfu tisa, tena nikijiona mjanja. Aliishika, akazungusha pete ndogo kwenye kioo cha kulia kama upana wa punje ya mchele, akatazama dirishani, akasema, "Mbona iko sawa?" Nikaomba nitazame. Mwewe juu ya mlingoti ng'ambo ya barabara alikuwa na kila unyoya. Hakunirudishia, na alikuwa na haki.

Basi fanya hivi. Macho yako mawili hayalingani, hata kama huvai miwani. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote yakiwa wazi. Tazama kitu chenye maandishi au vijiti vyembamba, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Sasa funika ya kushoto, na *usiguse tena gurudumu la katikati*. Zungusha pete ya kulia mpaka jicho la kulia nalo lione vizuri. Toa kiganja. Kumbuka alama ya pete iko wapi, maana ukimwazima mtu itarudi imezungushwa, na pete legevu hujizungusha yenyewe ndani ya begi. Usifumbe jicho moja kwa nguvu badala ya kufunika: utalikaza na lile linalotazama, na kipimo kitatoka kombo. Kwenye darubini nyingine pete hii imejificha kwenye gurudumu la katikati, unalivuta kwanza. Kabla ya kulaani kiwanda, itafute.

6. Macho yabaki kwa ndege, darubini ndiyo iinuke. Ukitazama chini kuitafuta, umempoteza.

7. Ukiwa garini zima injini. Usafi: puliza vumbi kwanza, kisha kitambaa laini. Pindo la shati ni msasa.

MASWALI

Kijana wa Rongai: Bosi, ipi ina nguvu kushinda zote? Nataka ya kuona mbali kabisa.
*Jibu:* Hatua ya 1.

Kijana wa Rongai: Nimesoma. Lakini yenye nguvu zaidi?
*Jibu:* Hujasoma.

Mama wa Miwani: Shikamoo mwalimu. Mimi navaa miwani mizito, nikitazama naona kitundu tu katikati. Ni mimi au ni darubini?
*Jibu:* Marahaba mama, asante kwa swali. Ni vikombe vya mpira vya nyuma. Vikunje au vizungushe vishuke kabisa, miwani isogee karibu na kioo. Ukinunua nyingine, uliza jicho linaweza kukaa umbali gani na bado lione duara lote. Milimita 16 kwenda juu zitakufaa. Jaribu dukani miwani ikiwa usoni, usikubali kuambiwa uivue.

Mtu wa Hesabu: Uliuza darubini nzima kwa kutojua pete, leo unatufundisha?
*Jibu:* Nilishalipa karo ya elfu ishirini na moja. Wewe unasoma bure.

Mwanafunzi wa Nyota: Ile 8x42 inaweza kutazama mwezi pia?
*Jibu:* Sana. Hapa kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga umelala kama mashua. Tazama mpaka wa giza na mwanga, ndipo mashimo yanajitokeza. Na sayari ya Mshtarii ikiwa juu, egemeza viwiko ukutani: utaona vidoa vimejipanga mstari kando yake. Ni miezi yake, ile aliyoiona mwanafalaki Galileo mwaka 1610. Pete za sayari ya Zohali usizitarajie, zinataka ukuzaji mkubwa zaidi.

Baba Pacha: Wanangu wana miaka saba. Niwape yangu?
*Jibu:* Macho yao yamekaribiana, yako huenda isikunjike vya kutosha. Tafuta nyepesi ya 6 au 8. Kamba shingoni kabla ya kitu kingine chochote. Na waambie mara kumi: jua halitazamwi.

Dereva wa Safari: Mimi natumia mfuko wa maharagwe dirishani, mkono hautikisiki kabisa.
*Jibu:* Hiyo ni dhahabu. Niongeze: vile vipakiti vya kukausha unyevu kwenye maboksi ya viatu msitupe. Weka kwenye begi la darubini, hasa ukishuka Mombasa, lenzi isiote kuvu.

Mpenda Shorobo: Nikiwa Arboretamu, ile bustani ya miti ya Nairobi, nianzie wapi kumtafuta ndege huyu?
*Jibu:* Mitini, asubuhi, usubiri shorobo aruke ndipo uone wekundu wa mbawa. Ila jirani wa pale ni Ikulu. Darubini isielekee upande huo, hata kama kuna tai.

Kijana wa Rongai: Niko dukani na rula. Imeandikwa 20x50. Duara la nyuma ni milimita 7, mbele kweli 50. Inatoka 7! Muuzaji anauliza kama nimetumwa na KEBS, wale wakaguzi wa viwango.
*Jibu:* Sasa umesoma. Rula isiguse kioo. Toka, kapime za duka la pili.