Namna ya Kumuumba Mhusika wa Vichekesho vya Runinga na Kuishi Naye Bila Kumezwa

Wasichana wanaonijia hapa Nakuru huniuliza kwanza usaili unafanyika lini na nani wa kupigiwa simu. Mimi huwaambia waanze na mhusika, kwa kuwa anayefika kwenye usaili akiwa na mtu kamili kichwani hahitaji kubahatisha. Nimeishi na mhusika mmoja wa runinga kwa miaka mingi, hata wapo wasiojua jina nililopewa na wazazi wangu, na ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa kuambiwa mapema.

Mtafute mtu halisi, kisha uchukue jambo lake moja tu. Wangu nilimpata katika Soko la Wakulima, kwa mama aliyekuwa akiuza nyanya. Mteja alipoomba kupunguziwa, mama yule hakujibu. Aliokota nyanya moja, akaipangusa polepole kwa ncha ya leso, akaitazama kana kwamba anaiomba radhi, akairudisha juu ya fungu, ndipo akataja bei ileile. Nilirudi pale asubuhi tatu mfululizo ili nijifunze kile kimya chake. Mengine yote niliyabadilisha, umri, mwendo na sauti, kwa sababu yeye hakuomba kuchekwa na nchi nzima, na jambo hilo nakusihi ulizingatie.

Kuhusu lafudhi, uwe mwangalifu. Vichekesho vyetu vimeiegemea tangu zamani, na wapo walioitumia kwa ustadi mkubwa: marehemu Benson Wanjau, tuliyemjua kama Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu, naye alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa miongo mingi, akapendwa kila pembe ya nchi hadi alipofariki mwaka 2015. Lakini ndani ya lafudhi ile kulikuwa na mzee mwenye tamaa zake, hofu zake na fahari yake. Fanya onyesho lako mara moja kwa sauti yako ya kawaida. Likichekesha, irudishe lafudhi. Lisipochekesha, andika upya.

Jukwaa ni mwalimu mzuri, na Nakuru tuna bahati ya kuwa na ukumbi wa Nakuru Players Theatre. Jukwaani kicheko cha watazamaji hukuambia usubiri kiasi gani kabla ya kutamka neno linalofuata. Mbele ya kamera kicheko hicho hakipo, kwani mafundi wote wamekatazwa kutoa sauti, kwa hiyo pima nafasi yake kwa pumzi: vuta, toa, kisha sema. Tena onyesho moja hurudiwa mara kadhaa kamera ikihamishwa, na nyanya iliyokuwa mkono wa kushoto haina budi kubaki mkono wa kushoto.

Sasa mkataba, ambao ndio ulioniumiza. Wa kwanza niliutia sahihi juu ya boneti ya gari, jua likiwaka, mtayarishaji akitazama saa. Kipindi kilirudiwa miaka mingi bila mimi kulipwa chochote, na siku moja nikaiona picha yangu, na leso ile, kwenye tangazo la bidhaa ambayo sikuwahi kuulizwa habari zake. Kwa hiyo uchukue mkataba nyumbani, uusome usiku, na kama huna wakili umsomee mtu mzima unayemwamini. Uliza jina la mhusika ni mali ya nani, marudio yatalipwaje, sehemu zitakazowekwa kwenye intaneti zitalipwaje, siku ya kurekodi ina saa ngapi, na nauli ya kutoka Nakuru hadi Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 160, inatoka mfuko wa nani. Kodi ikikatwa, dai cheti chake, maana utakihitaji unapowasilisha hesabu zako kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inawatambua waigizaji, lakini ukishazikabidhi haki zako zote kwa sahihi yako mwenyewe, utapata taabu kuitegemea.

Umaarufu ukija, uwekee mipaka tangu wiki ya kwanza. Katika mazishi ya mama yangu, nikiwa nimesimama kando ya kaburi na udongo mkononi, mtu mmoja aliniomba niseme ule msemo wa kipindi ili anirekodi. Sikumkasirikia, kwani yeye alimwona mhusika, hakuniona mimi. Tangu siku ile nguo za mhusika hukaa ndani ya mfuko wake na hazivaliwi mjini, na anayenisalimu kwa jina lake namjibu kwa upole kisha namtajia langu. Wafundishe watoto wako vivyo hivyo. Usiache kazi yako nyingine pia: watu wakikuona ndani ya matatu watashangaa, lakini mwenye nyumba hapokei umaarufu kuwa kodi.

Mwisho, anza kumtafuta mhusika wa pili wakati wa kwanza angali anapendwa, kwa maana kipindi kinaweza kusitishwa kwa simu ya dakika mbili. Mimi wangu nimeshaanza kumtazama kwenye stendi ya matatu za Njoro: kondakta wa kike ambaye huhesabu abiria kwa kugusa migongo ya viti, na akifika kiti kitupu hukigusa mara mbili.