Maganda ya ndizi kwa maji ya gereji ya betri

Maji ya kusuuzia betri za gari hubeba asidi ya salfa pamoja na madini ya risasi. Unga wa maganda ya ndizi unaweza kunasa sehemu kubwa ya risasi hiyo: pektini iliyomo kwenye ganda ina sehemu zenye chaji hasi, nazo ayoni (chembe zenye chaji) za risasi zina chaji chanya.

Lengo hapa ni kupunguza sumu kwenye maji taka. Usitengeneze maji ya kunywa kwa njia hii. Maji yenye miligramu 20 za risasi kwa lita, hata ukiondoa asilimia 95, hubaki na miligramu 1, na kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 0.01. Bado yamezidi mara 100.

Unga

Kwa ndoo ya lita 20 unahitaji gramu 100 za unga mkavu. Ganda bichi ni maji matupu karibu yote, kwa hiyo anza na zaidi ya kilo moja. Bandua vibandiko, osha, katakata vipande vya sentimita moja, anika juani mpaka vivunjike kwa mkono bila kupinda. Twanga, kisha chekecha upate chenga za nusu milimita hadi milimita moja. Unga laini kama wa ugali huziba kitambaa na hautui chini.

Loweka chenga kwenye maji ya moto, koroga, mwaga, rudia mpaka maji yakaribie kuwa meupe, halafu anika tena. Wengi huruka hatua hii, kisha hushangaa maji yakitoka na rangi ya chai na kunuka siku ya pili. Rangi hiyo ni tanini, na sukari iliyobaki hulisha bakteria.

Kusafisha

Vaa glavu na miwani ya kinga. Weka pembeni jagi moja la maji machafu kama yalivyo. Yaliyobaki yatilie chokaa iliyozimwa, ikiwa imekorogwa kama uji mwepesi, kidogo kidogo, huku ukipima kwa karatasi za pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi. Simama kwenye 5.5. Chini ya 3 asidi huwahi nafasi zote kwenye ganda na risasi hukosa pa kushika. Ukipitiliza, rudisha kwa maji ya lile jagi. Usitumie limau: asidi yake huishika risasi na kuibakiza ndani ya maji, na kazi yote inapotea.

Acha yatulie usiku kucha. Tope jeupe litakaloshuka lina jasi na risasi nyingi; mimina maji ya juu polepole bila kulitibua.

Sasa tia gramu 50 za unga, koroga kila baada ya dakika chache kwa saa moja, chuja kwa kitambaa kizito cha pamba. Rudia na gramu 50 mpya. Awamu mbili hutoa risasi zaidi kuliko gramu 100 kwa mkupuo, kwa sababu unga wa pili hukutana na maji yaliyokwisha pungua risasi ukiwa bado mtupu. Usiulaze unga ndani ya maji: ukianza kuoza, huachia ulichonasa. Tarajia pia matokeo hafifu kuliko ya maji safi ya maabara, kwani kalsiamu ya chokaa nayo hugombea nafasi.

Shaba hunaswa vizuri, kadimi na zinki kwa kiasi. Aseniki, floraidi na kromiamu ya sita ndani ya maji kwa kawaida hazina chaji chanya. Ganda tupu haliziwezi.

Risasi haionekani wala haina harufu, kwa hiyo peleka maabara sampuli mbili, ya kabla na ya baada. Kabla ya majibu, maji yakae kwenye pipa lenye mfuniko.

Mabaki

Sumu haikutoweka, imehamia kwenye tope na maganda. Usichome, maana moshi na majivu vitaibeba. Usifanye mboji. Mbuzi wanapenda maganda ya ndizi, basi usiyaache wazi hata kwa muda wa kuyakausha. Yafungie kwenye pipa la plastiki lililoandikwa RISASI – SUMU, na umkabidhi mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali, kinachosimamiwa na mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya.