Ofu Imeisha na Bado Umechoka: Jinsi ya Kutambua Mapema Kazi Inapokumaliza

Kisumu, mtu akilegea wiki mbili, wengi hupitia duka la dawa wakanunua vidonge vya malaria bila kupima. Hapo ndipo mambo huharibika. Kama shida ni damu kupungua, haitibiwi. Kama ni kazi inayokumaliza, utameza dozi ya siku 3, utalala, utapata nafuu kidogo kwa sababu umelala, kisha urudi palepale.

Kwa hiyo anza na maabara. Omba kipimo cha malaria (kile cha kudungwa kidole hutoa jibu kwa takriban dakika 20), kiwango cha damu, sukari na presha. Hemoglobini (ndiyo kiwango cha damu) ikiwa chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, au chini ya 13 kwa mwanamume, hiyo peke yake yaweza kueleza kwa nini ngazi zinakushinda. Majibu yakiwa sawa na mwili bado mzito, sasa igeukie kazi.

Nunua daftari dogo. Kwa siku 14 andika namba tatu kila siku, kuanzia 0 hadi 10: nguvu unapoamka, kabla hujashika simu; nguvu jioni, au unapotoka zamu ya usiku; na hamu ya kurudi kazini kesho. Pembeni andika zamu, saa ulizolala, na pombe kama ulikunywa, maana usingizi wa pombe haupumzishi. Usijaze wiki nzima Jumapili jioni. Kufikia hapo Jumanne umeshaisahau.

Hakikisha siku hizo 14 zina ofu (siku za mapumziko) angalau mbili, kwani jibu liko hapo. Aliyechoka kawaida hutoka kazini akiwa na 3, na asubuhi baada ya ofu huamka na 7. Anayechakaa hutoka na 3, baada ya ofu huamka na 4, tena ile namba ya hamu huanguka siku ya ofu yenyewe, kuanzia alasiri, tumbo likijikunja akikumbuka zamu ya kesho. Yakikutokea hayo mwisho wa mwezi tu, au msimu wa mitihani, usiwe na haraka ya kuhukumu.

Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya 2019, haliiti hali hii ya kuchakaa kwa kazi ugonjwa, bali jambo la kazini lenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi cha maana. Ya pili ndiyo ngumu kujiona nayo, kwa hiyo sikiliza ulimi wako. Muuguzi aliyekuwa akisema "mama wa kitanda cha tisa" huanza kusema "ile tisa". Mwalimu huacha kutaja majina ya watoto. Wote wanakuwa "hawa". Ya tatu ipime kwa saa: ripoti ya nusu saa inakula saa mbili, nawe unasoma mstari uleule mara ya nne.

Angalia pia nje ya kazi. Ikiwa hata harusi ya binamu au mechi ya Gor haikugusi tena, huenda ni sonona (ugonjwa wa huzuni nzito); muone daktari. Mawazo ya kujidhuru yakija, nenda hospitalini siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Daftari likikuthibitishia, mpelekee msimamizi ombi moja linalotekelezeka. "Nimechoka" husahaulika. "Nisipangwe asubuhi ninapotoka zamu ya usiku" huandikwa kwenye ratiba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12, na siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Likizo ikigawanywa, kipande kimoja kinapaswa kuwa cha wiki mbili za kazi mfululizo, isipokuwa mmekubaliana vingine. Huku kwetu likizo huliwa mojamoja na matanga na kesi za mashamba, hadi Desemba inafika hujapumzika hata wiki. Omba kile kipande kirefu kwanza. Za matanga zitoke kwenye zilizobaki.

Ukirudi, jaza daftari tena siku 5. Namba zikiporomoka kufikia siku ya tatu, rudi kwa msimamizi na kurasa za awamu zote mbili, uzungumzie ratiba yenyewe.