Pima puto la mrija: kumkinga mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi asipooze uzi wa sauti

Mgonjwa aliyewekewa mrija wa kupumulia kooni wakati wa upasuaji akiamka anakwaruza sauti, tumezoea kumwambia, "Ni mrija tu, itapita." Mara nyingi hupita kweli. Lakini wapo ambao uzi wa sauti umepooza, na hao ndio walioniondoa katika kubahatisha hewa ya puto, yaani kifuko kinachouzunguka mrija na kuziba hewa isivuje. Chini kidogo ya nyuzi za sauti hupita tawi dogo la neva ya zoloto (kisanduku cha sauti). Puto likijazwa hapo, linaibana neva hiyo kwenye gegedu.

Hatua ya 1. Chagua mrija usiojaza njia nzima ya hewa. Mkubwa kupita kiasi hauna faida.

Hatua ya 2. Laringoskopu, kifaa cha kutazamia zoloto, ikiwa bado mkononi, tazama puto lote likivuka nyuzi, kisha sogeza mrija sentimita 1.5 zaidi. Sikiliza mapafu yote mawili ndipo ufunge plasta. Ukimlaza upya, kagua tena: shingo ikikunjwa kwenda nyuma, mrija hupanda.

Hatua ya 3. Pima. Hii ndiyo hatua inayorukwa, nami naishikilia kuliko zote. Kubonyeza kwa vidole kiputo cha nje kilichounganishwa na puto hakukuambii kitu. Kinaweza kuonekana laini huku ndani shinikizo limepita kiwango. Unganisha manometa (kipima shinikizo), ujaze hadi shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji. Huna manometa? Weka stetoskopu shingoni, ongeza hewa kidogo kidogo huku mwenzako akibonyeza mfuko wa kupumulia. Mlio wa hewa inayovuja ukikoma, acha hapo hapo.

Hatua ya 4. Rudia kupima katikati ya upasuaji, hasa ukitumia gesi ya usingizi ya naitrasi oksaidi, maana gesi hiyo hupenya ndani ya puto na kulivimbisha. Kinyago cha zoloto, kinachokaa juu ya zoloto badala ya mrija, nacho shinikizo lake lisizidi sentimita 60 za maji. Nacho huweza kubana neva.

Hatua ya 5. Akiamka vizuri, mwombe ahesabu hadi kumi, kisha akohoe. Sauti yenye pumzi nyingi, kikohozi kisicho na nguvu au kupaliwa na maji ni dalili za uzi mmoja kupooza. Mzuie kunywa, mwite daktari wa koo amwangalie kwa kamera. Huenda ni kiungo cha zoloto kilichoteguka, na hicho hakingoji.

Akivuta pumzi kwa mlio mkali, huenda nyuzi zote mbili zimepooza. Mpe oksijeni, ita msaada, jiandae kumrudishia mrija mara moja.

Mwenye uzi mmoja mweleze ukweli: wengi hupona, ila huchukua wiki au miezi. Andika yote kwenye faili lake, pamoja na shinikizo ulilopima.